Pilipili Yangu Ilipaswa Kufa

Jirani yangu aliponiita mchawi, nilikuwa nasonga bukari, na mwiko haukusimama. Nilidhani ananitania. Alikuwa upande wake wa veranda, ameegemea kiukuta kifupi kinachotutenganisha, na mkononi ameshika jani la pilipili lililogeuka njano.

"Kwangu majani yote inakuya jaune, inajikunja," alisema. "Ya kwako iko muzuri. Juu ya nini? Unifasiriye!"

Nilikuwa bibi harusi, mgeni katika kambi ya kampuni pale Likasi. Nilitoka kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele, na watu wa kambi walikuwa na mawili tu ya kusema juu yetu: tunanuka samaki, tunaroga. Kunuka samaki nilikubali. Hilo la pili lilinichoma, kwa sababu jirani yule nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, na ndiye aliyenifundisha kupanga foleni kwenye bomba la maji bila kupigwa viwiko.

Alikuwa na makopo ya mafuta yaliyojaa pilipili, seleri na maua, na mimi vivyo hivyo. Yake yalikufa, yangu yalinawiri, basi kesi ikawa imekwisha.

Shefu wa kambi alikuja na suti yake ya abakosi iliyonyooshwa na beji ya chama kifuani. Alituita "citoyennes", raia wa kike, akatusikiliza akiwa amesimama, kisha akatoa hukumu. Nyumba ni za kampuni, na kampuni haitaki kelele za uchawi. Kama maneno hayataisha kabla ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha kambi, ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, sisi tuliokuja nyuma ndio tutakaotoka.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa anakaa nasi, hakungoja hata shefu avuke barabara. Alimwambia mwanawe, mbele yangu, "Bakikufukuza mu nyumba juu ya huyu muke, minye namurudisha kwabo." Mume wangu, mtu wa reli, mpole kupita kiasi, alisema itapita tu. Nilitamani kumpiga na mwiko. Nyumba na ndoa vyote vilining'inia kwenye majani ya pilipili ya mtu mwingine, na yeye anasema itapita.

Mimi nikikasirika siwezi kukaa. Jirani alipokwenda sokoni, niliruka kiukuta. Najua, nilionekana mchawi kweli kweli. Niligeuza majani nikitafuta wadudu, sikuona hata mmoja. Nilichomeka kidole kwenye udongo, haukuwa tope wala haukukauka. Watu wengine walilaumu moshi wa kiwanda, lakini moshi ule ulitupitia sote, hauchagui veranda. Jua nalo lilikuwa lile lile. Ila majani yaliungua kuanzia pembeni, yakajikunja kwa ndani, hata machipukizi ambayo hayajaona siku. Ubaya ulitoka chini.

Niliinua kopo moja. Saruji chini yake ilikuwa imelika, inabanduka mchanga mchanga. Nilirudi kwangu nikainua la kwangu: sakafu laini. Nilitazama huku na huku kama mwizi, na ndipo macho yakaangukia kamba yake ya nguo. Kombinezo ya mumewe, ovaroli yake ya kazini, ilikuwa imeanikwa, na mapajani ina vitundu vingi vidogo, nuru inapita.

Sisi wanawake wa kambi hatukumwaga maji. Bomba lilitoka linapotaka, kwa hiyo maji ya kusuuzia nguo yalikwenda kwenye makopo ya mimea. Wote tulifanya hivyo. Mume wangu alirudi na grisi na vumbi la makaa. Mume wake alikuwa mlinzi wa geti hadi majuzi, kisha wakamhamishia kwenye matangi ya asidi, na yaya akaendelea kumwagilia pilipili kwa maji yale yale ya kusuuzia.

Kumwambia tu kusingetosha. Mchawi akisema si mimi, ni maji, nani atamwamini? Nilichukua mche wangu mzuri kuliko yote, ule ulioota kutokana na mbegu alizonifungia mama yangu kwenye pindo la kitenge siku niliyoondoka ziwani, nikauweka juu ya kiukuta. Niliita wanawake wa mstari wetu.

"Yaya, kila siku ukifula kombinezo ya bwana yako, umwangiliye hii pilipili mayi yake. Weye mwenyewe. Minye siguse."

"Na ikibakia muzuri?"

"Njo minye mulozi. Nitaenda."

Mama mkwe alishika kichwa.

Siku zile sitaki kuzirudia. Kila asubuhi nilitoka kuutazama mche wa mama yangu nikiuomba ufe, na wenyewe ukanijibu kwa maua meupe. Niliutukana. Jirani alimwaga maji yake bila kunisalimu. Mama mkwe alianza kuuliza kwa sauti gari za kwenda ziwani zinapatikana wapi, na mume wangu akaacha kusema itapita.

Asubuhi ya salongo nilitoka na ufagio, nikamkuta jirani amefika kiukutani kabla yangu. Maua yalikuwa yamedondoka. Majani yalikuwa ya njano pembeni, yamejikunja kwa ndani, sawasawa na yake. Nilipona. Nilifurahi hata nikaona aibu, na nilikuwa na maneno makali niliyoyaandaa siku zote zile, yamejaa mdomoni.

Sikuyasema, kwa sababu hakuwa ananitazama. Alikuwa ameshika jani, macho kwenye kamba ya nguo.

"Ile kombinezo anaivalaka ku mwili," alisema polepole. "Na nguo ya batoto, naifulaka mu mayi ile ile."

Shefu alifika, akatazama kopo, akatutazama sisi. "Bon. Maneno imeisha. Mukamate bifagio." Mama mkwe alinikamata kiunoni akaniinua kwa furaha, mbele ya watu.

Tulifagia mtaro bega kwa bega, mimi na yaya. King'ora cha zamu kilipolia, mumewe alitoka ndani amevaa kombinezo ile, akakohoa, akatusalimu wote kwa adabu. Kisha akamuuliza mke wake kwa nini anamwangalia hivyo.