Picha ya Mkono wa Mama

Mama alipoanza kuangusha mwiko, alisema ni mshipa. Wanawake wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, kwa sababu kwetu mshipa ni ugonjwa wa wanaume, ule wa kuvimba chini ya kitovu. "Tangu lini mwanamke akawa na mshipa?" wakamwuliza. Yeye hakucheka. Ulimchoma kutoka kwapani mpaka vidoleni, na kiganja kikawa kinalala tu.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa upande wa Ikungi, na baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mkewe kukosa kwenye shamba la pamoja ilikuwa aibu yake. Akampeleka hospitali ya Singida Mjini, mkono ukapigwa picha. Mganga akasema mifupa haina kitu. Baba alisikia "hana kitu", akarudi na hilo.

Kwenye mkutano wa kijiji aliiinua ile picha juani, watu wakasogea kutazama mifupa ya mama yangu. "Mmeona wenyewe? Mzima huyu. Kwangu hakuna kupe."

Kupe! Ndivyo walivyoitwa wavivu, wanaokula jasho la wenzao. Kikulacho ki nguoni mwako, na mama alikuwa amelala na chake miaka ishirini.

Mama akanitazama. Nilikuwa msichana wa kuposwa. Mimi ndiye niliyesonga ugali, mimi ndiye niliyemfunga hata khanga. Nilijua. Nikaogopa fimbo ya baba, nikatazama chini. Kesho yake mama alinipa kamba ya mkonge nimfungie mpini wa jembe kiganjani. Nikafunga, akaenda kulima.

Mvua zilipokwisha, uvimbe ulikuwa umejaa kwapani na shingoni. Daktari mwingine alikata kipande, kikapelekwa kupimwa. Majibu yakaja: saratani ya tezi, na imeingia kwenye mishipa ya fahamu.

"Lakini picha ilikuwa safi," baba akabisha.

"Picha ile inaona mifupa, mzee. Mishipa haioni. Mlimwuliza mgonjwa mwenyewe?"

Baba alilia pale pale. Sijamsamehe mpaka leo, lakini alilia. Mama hakumwangalia. Alinigeukia mimi, akasema kwa upole, "Yeye hakujua. Wewe ulijua, mwanangu."