Nyuma ya Kitenge cha Bibi

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, asitiriye aibu zetu hata tunapofichua za wenzetu.

Juzi mjukuu wangu, anayesomea Kiingereza huko Kindu, aliniletea kutoka sokoni kafuri ya kuoshea maiti. Akiifungua, alinisimulia asili ya neno obscene, yaani jambo chafu la aibu. Wako wanaodhani, alisema, kwamba zamani lilimaanisha kisichofaa kuonyeshwa jukwaani, wengine hawakubali. Mimi si mtaalamu. Lakini kwa harufu ile ya kafuri niliinamisha uso.

Bibi yangu alikuwa muosha maiti wa wanawake hapa Kasongo. Kitenge kilitundikwa kuwa pazia, na kilichoonekana nyuma yake hakikutoka. "Mkono unaoosha hauna mdomo," alizoea kusema. Alipofariki jirani yetu, mama yake rafiki yangu Salima, mimi wa miaka tisa nilipeleka ndoo ya maji, nikachungulia. Kichwa ambacho hakuna aliyewahi kukiona bila kilemba hakikuwa na unywele hata mmoja. Bibi alikuwa akimbembeleza, "Geuka kidogo, dada."

Siku mbili baadaye nilitundika kitenge uani, nikamlaza mtoto mmoja, nikamfunika kichwa kwa bakuli jeupe. Kisha nikakivuta kitenge. "Geuka kidogo, dada. Maji iko baridi?" Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini, nami nikarudia, maana kuchekewa ni kutamu.

Kicheko kilikatika. Salima alikuwa amesimama mlangoni na sahani yetu, aliyotumwa kuirudisha.

"Mama hakunionyesha hata mimi," alisema, akaiweka chini, akaondoka.

Bibi hakunipiga. Alinishika mkono hadi kwa wafiwa, akaketi chini mbele yao. "Hii aibu ni yangu. Nilimuacha mutoto karibu na pazia." Hawakumfukuza, ila tangu siku ile hakuosha tena, na hakuna aliyemwita.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa langu lilikuwa kuchungulia. Nilipoanza kuosha mwenyewe ndipo nilipoelewa: aliyelala pale hana mkono wa kurudisha kilemba chake. Kitenge ndicho mkono wake.

Mwaka jana Salima alifariki. Aliacha wasia kwamba nimuoshe mimi. Nilikagua pindo zote za kitenge, nikaingia, nikalia, nikamuosha. Niliyoyaona yamebaki mle.

Nawe uliyesoma, Mola akupe wa kukusitiri, ukiwa hai na utakaposhindwa kujifunika.