Nilijifanya Daktari wa Lori la Mama Mkwe

Kosa ni langu, lote, na sitaki mtu anipunguzie. Naandika bila jina kwa sababu hapa Kamina wamenicheka vya kutosha!

Mama mkwe wangu ni mjane anayeuza samaki wakavu wa Kinkondja. Marehemu mumewe alimwachia lori dogo la petroli, zee kweli kweli, na mimi ndiye nilikuwa dereva. Ugali wangu ulitoka humo. Sasa, kwetu Waluba, mwanamume na mama mkwe wake hawakai pamoja, hawali pamoja, hata kutazamana ni kwa shida. Nilivyoipenda mila hiyo! Bosi asiyeweza kukukaribia, nani atamkataa?

Jumamosi moja nikaliosha lori, na injini nayo nikaimwagia ndoo za maji na sabuni, ili Jumapili ling'ae mbele ya kanisa. Ujinga mtupu! Kuanzia hapo ralanti, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, ikaharibika. Nikitoa mguu kwenye pedali, injini inapanda, inashuka, inakohoa, inazimika. Niliogopa kusema habari ya maji. Nikasema ni uzee.

Mama mkwe alisikia akiwa jikoni. Akamtuma binti yake, yaani mke wangu.

"Ambia bwana yako aangalie kaptere ya pa akselereta. Maji ikiingia mu fishi yake, motokari inafanyaka vile. Baba yako alikuwa anaikausha tu."

Kaptere ni kile kidude kinachoiambia injini mguu umekanyaga kiasi gani, na fishi ni plagi ya nyaya zake. Kazi ya dakika kumi! Lakini mimi nifundishwe injini na muuza samaki? Mara akatoka mwenyewe anionyeshe. Nikaruka nyuma.

"Hapana, mama! Heshima! Minyi na mama hatuwezi kuinamia injini moja!"

Maskini, akarudi ndani. Mwongo mkubwa mimi! Kilikuwa kiburi tupu, na mila nikaifanya pazia.

Basi nikakata kipande cha mpira wa baiskeli, nikauvuta nao waya wa akselereta ili injini isizimike tena. Haikuzimika, hilo nakubali. Ilinguruma kama iliyotukanwa. Nikajisifu mbele ya mke wangu, nikapanda, nikatia gia ya nyuma nitoke uani.

Kuachia klachi tu, lori likaruka kinyumenyume! Nikakanyaga breki, wapi! Likaenda moja kwa moja kwenye bafu la nyasi nyuma ya nyumba. Nikatoa gia, ndipo likasimama, bado likinguruma.

Nikashuka kuona nimevunja nini. Mungu wangu! Nyasi zote chini, na mama mkwe amesimama katikati, mzima, bila jeraha, povu kichwani, kama alivyozaliwa.

Nikafumba macho, nimechelewa. Nikakimbia nikiwa nimeyafumba, nikajigonga kwenye mlango wa lori, nikaanguka chali.

"Zima kwanza motokari!" akapiga kelele. Majirani wote wakaja.

Kosa kama hilo halifutwi kwa samahani. Nilitoa mbuzi, wazee wa ukoo wakaketi, na mpaka siku ya kikao hicho sikukanyaga uani kwake. Aibu niliyoisikia, acheni tu!

Siku hiyo, mbele ya watu wote, mama mkwe akafungua boneti. Akachomoa ile fishi, akaisugua, akaikausha kwa ncha ya kikwembe chake, kitenge alichojifunga. Mpira wangu akaukata kwa kisu cha samaki. Akawasha. Injini ikatulia tuli, ungesikia kuku anavyotembea.

Ndipo akanigeukia, bila kumtuma mtu.

"Mukwe, ulikatala minyi nione injini, ukasema heshima. Sasa weye umeona yote. Injini njo kitu ilikuwa ya kufichwa?"

Wazee walicheka mpaka wakamwaga pombe. Mimi nililia, sifichi. Funguo akampa mke wangu, ambaye kumbe baba yake alimfundisha kuendesha zamani, tena vizuri kunishinda!

Wanaume wenzangu, nawaomba: mtu akikuambia ugonjwa wa injini, msikilize, hata kama ananuka samaki. Usijifiche nyuma ya mila ambayo huna moyoni.

Leo nasafiri nyuma, juu ya magunia. Nikiwa na neno kuhusu lori, namtuma mke wangu kwa mama yake. Jibu halijawahi kurudi.