Muzee Kataliko Anapovua Kofia

Tangazo. Waamini wote wa parokia, pamoja na wale wanaoonekana siku ya Noeli tu, pamoja na wale waliohamia makanisa ya uamsho kisha wakarudi kimya kimya, wanajulishwa kwa heshima kubwa kwamba mwaka huu Habari Njema ya Ufufuko ilitembezwa nyumba kwa nyumba na Muzee Kataliko, fundi wa chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili, wa Katindo, mtu ambaye kwa miaka kumi na saba hajawahi kuleta habari njema hata moja.

Si kosa lake. Kwetu Goma kifo hakipashwi kwa simu. Simu inaweza kukukuta juu ya pikipiki, ukaanguka, tukawa na matanga mawili. Kifo kinapelekwa na mtu, kwa miguu, na katika shirika letu, yaani majirani tunaosali pamoja kila wiki, mtu huyo ni Kataliko. Mungu alimpa uso mrefu, mkavu, kama ubao ambao randa haijaupitia, na alipoupata uso huo wenzake wakamwambia kazi yake ni ipi.

Ana utaratibu wake. Anafika, anavua kofia, anaomba kiti, anaomba maji, anakunywa nusu, ndipo anasema. Hasemi akiwa amesimama. “Mutu akisikia amesimama, ataanguka,” alinieleza siku moja huku akichonga gurudumu. “Na mimi nikisema nimesimama, nitakimbia.”

Basi mtaa mzima unaijua ile kofia. Akiivua ajikune tu, nusu ya avenue inashika kichwa.

Mwaka huu Padri Birindwa, aliyetoka masomoni na mawazo mengi, alituambia kwamba ni aibu: Kristu anafufuka kila mwaka na sisi tunawaambia wale wale waliokwisha kujua. Kila shirika litume watu wawili, waende kwa wasiokuja. Letu likamtuma Mama Perpétue, presidenti wetu, kwa sababu ya mdomo. Padri mwenyewe akamwongeza Kataliko.

“Nimeambiwa huyu muzee, hakuna nyumba inayomufungia mulango,” alisema.

Ilikuwa kweli. Hakuna aliyethubutu kumweleza kwa nini.

Na haikuwa kweli kabisa. Kulikuwa na mlango mmoja. Kataliko aliisoma orodha ya nyumba mara mbili, akaona jina la mwisho, akakubali. Jina lilikuwa Wivine, wa Mugunga, mdogo wake wa tumbo moja. Miaka miwili iliyopita alimpelekea habari ya mume wake, Habarurema, aliyekufa na lori yake kwenye njia ya Masisi. Kofia, kiti, maji. Tangu siku hiyo Wivine hajamfungulia. Kila sikukuu Kataliko anaacha mfuko wa makala ya kupikia kwenye mlango, anaondoka, na akishafika mbali mfuko unaingia ndani wenyewe. Alitaka kuingia ndani kama mfuko. Hilo tu ndilo alilotaka kutoka kwa Pasaka.

Jumatatu ya Pasaka, asubuhi, nyumba ya kwanza: Mama Nyirarukundo, anayeuza ndizi. Alimwona Kataliko kwenye uzio. Kataliko, kwa sababu ya heshima ya ujumbe, akavua kofia.

“Yooooo! Batu yangu!” Ndizi chini, Mama Nyirarukundo juu ya ndizi.

Majirani wakatoka. Mmoja alikwisha kubeba viti vitatu, mwingine anafungua bâche, turubai la matanga.

“Nani?” wakauliza. “Muzee, nani?”

“Hakuna mutu,” akasema Kataliko.

“Hakuna mutu alikufa, ao hakuna mutu alibakia?”

“Mbona munalia bure?” akaingilia Mama Perpétue. “Tumekuja na furaha! Yesu amefufuka!”

“Furaha gani na huyu?” Mama Nyirarukundo alijiinua, anajipangusa. “Huyu hajakosea ata siku moja! Alisema kaka yangu amekufa, kweli alikuwa amekufa. Alisema mama mukwe, kweli. Utuambie jina, tulie vizuri.”

Ikachukua saa nzima kumsadikisha kwamba familia yake yote iko hai. Alipokubali, alifurahi kiasi cha kugawa ndizi zilizokanyagwa. Yesu walimsahau.

“Muzee,” akasema Mama Perpétue njiani, “mbele ya Mungu ninakuomba, usitoe tena ile kofia.”

“Nitaingia kwa batu na kofia kichwani kama polisi?”

“Ingia kama polisi. Polisi hawaliliwi.”

Haikusaidia. Uso ulikuwa bado pale. Katika nyumba ya pili bibi mmoja alimwambia aseme akiwa kule kule barabarani. Katika ya tatu walisikia kitasa kikifungwa na mtu akinong’ona, “Waambie tumehama.” Mama Perpétue akapendekeza waimbe Aleluya kutoka mbali ili watu wajue ni furaha. Kataliko akaimba. Mwenye duka la pembeni akazima muziki wake na kufunga mlango nusu, kama inavyofanywa jeneza likipita. Mtaani Himbi, kwenye geti kubwa jeusi, sentineli aliwauliza kama wana rendez-vous na bosi, wao na huyo aliyefufuka.

Wakachukua barabara ya Sake kwa miguu. Vumbi jeusi la volkano, jua la saa saba, na Mama Perpétue akipanga maneno atakayomwambia Wivine. Alikuwa nayo mengi, yenye sura na mistari. Kataliko hakupanga kitu. Koo lake lilikuwa kavu kuliko uso wake.

Nyumba ya Wivine ni ya mbao, imesimama juu ya jiwe la lava. Mlango ulikuwa wazi. Ukafungwa.

“Yaya, rudia kwako,” ikasema sauti kati ya mbao mbili. Anamwita hivyo, yaya, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake, hata akimfukuza.

“Leo si vile, Wivine.”

“Usitoe kofia.”

“Sitoi.”

“Usiniombe kiti.”

“Siombi.”

“Na maji, ata tone moja.”

“Siombi maji.”

“Basi sema ukisimama, uende.”

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba, Muzee Kataliko alisema akiwa amesimama. Hakukimbia.

“Yesu amefufuka.”

Kuku alipita. Kisha sauti ile ikauliza, polepole:

“Na Habarurema?”

Mama Perpétue, ambaye alikuwa na sura na mistari ya kutosha hadi magharibi, akafungua mdomo. Kataliko akainua mkono, akamzuia. Historia ya parokia haina mfano wa jambo hilo.

“Habarurema bado,” akasema.

“Bado?”

“Bado.”

“Ni kweli ao unanifariji tu?”

“Mimi?” Kataliko alishangaa kweli kweli. “Nilishakuletea habari ya uongo siku gani?”

Siku ile ya kifo Wivine alikuwa amemwomba yaya yake, akiwa amemshika koti, aseme kwamba anadanganya, na hakudanganya. Kitasa kikagongagonga, maana kilikuwa kimeshika kutu upande wa ndani. Mlango ukafunguka. Wivine alimtazama, akanyoosha mkono, akamvua kofia yeye mwenyewe na kuitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Kisha akaleta kiti. Kisha maji.

Kataliko akakaa, akanywa, akafika nusu. Wivine alisimama mbele yake, mikono kifuani, anangoja.

“Maliza yote,” akasema.

Akamaliza yote. Mama Perpétue alilia, lakini kwa sauti ndogo, ili majirani wasilete viti. Halafu Wivine akawapakulia sombe, yale majani ya muhogo.

Jumapili iliyofuata Padri Birindwa alisimama mbele ya kanisa lililojaa na kuomba ushuhuda. Mama Perpétue alikwisha kumsimulia kila kitu, na kidogo zaidi ya kila kitu. Kwa hiyo Padri alimwita Kataliko mbele. Muzee akaja, akavua kofia, na watu wa safu tatu za kwanza wakashika kichwa.

“Ndugu zangu,” akasema Padri, macho yakimetameta, “mwaka huu mlango uliofungwa miaka miwili ulifunguka kama kaburi asubuhi ya Pasaka! Muzee Kataliko, wewe uliyeingia ndani, waambie hawa wote: ulikuta nini?”

Kataliko aliigeuza kofia mikononi, akafikiri kwa haki, kama mtu asiyeleta habari ya uongo.

“Sombe,” akasema. “Ilizidi chumvi.”