Kwa Nini Sentensi Zangu Ni Ndefu

Vijana wanaotaka kuandika hadithi hunijia nyumbani Likoni na karatasi zao kwapani. Hupiga hodi, huniamkia vizuri, hunywa chai yangu, kisha huniuliza maswali yaleyale. Hadithi ianzie wapi? Wahusika wawe wangapi? Mazungumzo yafanyweje ili yasikike kama ya watu wa kweli? Huwajibu. Majibu yangu ni mafupi, maana sina subira na mtu anayependa kuitwa mwandishi lakini hataki kukaa kitako akaandika.

Juzi alikuja msichana mmoja mwenye adabu zake, akakaa pembeni ya kiti kana kwamba kitamwangusha. Akasema, "Bibi, niwie radhi nikikosea. Mwalimu wetu atwambia sentensi ziwe fupi. Zako mbona ndefu hivi? Nyingine nikizisoma kwa sauti, pumzi zaniishia."

Mhariri wangu amelalamika hivyohivyo miaka na miaka. Yeye hukata kwa kalamu nyekundu, mimi hushona tena, na mpaka leo hatujapatana. Lakini yeye hajawahi kutaja pumzi. Neno hilo lilinichoma, nikamwambia yule msichana chai inapoa, nikahamisha mazungumzo. Hakuwa na kosa. Aliuliza swali zuri na akaondoka bila jibu, kwa hiyo jibu naliandika hapa.

Nilizaliwa Likoni, upande wa Shika Adabu, katika nyumba ya makuti yenye baraza pana mbele. Baba alikuwa na shamba la minazi na mihogo, mama alipika vitumbua vya kuuza asubuhi. Watoto tuliobaki hai tulikuwa wawili, mimi na dada yangu. Alikuwa mkubwa kwangu sana, hata mgongo ninaoukumbuka kubebwa nao ni wake, si wa mama. Nazungumza habari za miaka ile ya mwisho ya mkoloni, mimi bado sijavaa buibui.

Kwetu mtu hasimulii hadithi peke yake. Mmoja husimulia, na mmoja katika wasikilizaji huwa na kazi ya kuitikia. Kila msimulizi anapotua, yeye husema "ehe". Asipoitikia mtu, msimulizi hunyamaza, na si kwa kununa. Huwa hajui kama bado yuko na watu au amebaki na kuta. Nyumbani msimulizi nilikuwa mimi, na muitikiaji alikuwa dada. Baada ya magharibi alikaa mkekani akisuka ukili, ile mikanda ya majani ya miyaa inayoshonwa ikawa mkeka, maana alikuwa ameposwa na mkeka wa nyumba yake alitaka ausuke mwenyewe. Vidole vilikwenda bila kutazamwa, na mdomo ukinifuata mimi.

Ehe yake haikuwa moja. Ikiwa fupi na ya haraka, nilijua nimemshika. Akiivuta, alikuwa amechoka, ilinipasa niache kupamba nisonge mbele. Ikipanda juu mwishoni, hakuniamini, nami nilirudi nyuma nikatengeneza. Nimekwenda shule, nimekaa na wasomi, nimesomewa makosa yangu mbele za watu, na sijapata kufundishwa vizuri kuliko vile.

Kisha dada akaanza kukohoa. Mama alimpa tangawizi na asali, baba akamleta mwalimu akamwandikia kombe, aya za Kurani zinazooshwa kwa maji, akanywa. Tukasema ni vumbi, tukasema ni baridi ya upepo wa kusi. Siku moja mama alikuta damu kwenye pindo la leso ya dada, na mambo ya vumbi yakaisha. Alipelekwa hospitali ya ng'ambo, upande wa Changamwe, katika wodi ya wanawake wenye kifua. Ukili aliouacha dada, mama aliuviringisha akauweka darini, na yule mchumba akaacha kupita kwetu. Sikumsamehe, na sasa ameshakufa na bado sijamsamehe.

Siku ya kuangalia wagonjwa ilikuwa Jumapili. Tulivuka kwa feri, tukapanda basi mpaka Changamwe, tukamalizia kwa miguu juani, mama na kikapu chake, mimi nyuma. Watoto walikatazwa kuingia wodini kwa kuogopewa kuambukizwa. Mama aliingia mlangoni, mimi nikazunguka nyuma mpaka kwenye dirisha lililokuwa juu ya kitanda cha dada. Lilikuwa dirisha la juu, lenye wavu wa waya wa kuzuia mbu. Nje jua kali, ndani giza, kwa hiyo hata nikipanda juu ya jiwe sikuona kitu ila wavu. Yeye alisema ananiona utosi, na mistari ya nywele jinsi mama alivyonisuka.

Jumapili ya kwanza nililia tu. Akaniita kutoka ndani.

"Abee," nikajibu.

"Usilie. Nitolee hadithi. Na si zile za nyumbani, zile nazijua zote. Tunga yako."

Nikamtungia habari za jogoo. Jogoo wa mjane mmoja wa Likoni aliyepanda feri peke yake bila kumuaga mtu, akavuka, na yule mjane mwenye magoti mabovu akamfuata kumtafuta nyumba hadi nyumba, leo Kisauni, kesho Changamwe. Dada alicheka mpaka akakohoa. Mwanamke wa kitanda cha pili naye akacheka. Alikuwa mama Mkristo kutoka bara, upande wa Rabai, mwenye kicheko kizito, na watu wake hawakuweza kuja mara nyingi. Mama alikuwa akimgawia vitumbua. Tangu siku hiyo nikawa na wasikilizaji wawili, ingawa mwenye haki ya kuitikia alikuwa mmoja.

Yale ninayowaambia vijana leo niliyapata pale chini ya dirisha. Jumapili moja nilianza kwa kueleza mkondo wa bahari, rangi ya maji, mawingu. Ehe ikavutwa, ikavutwa, mwisho dada akasema, "Bahari naijua, nimezaliwa nayo. Jogoo yuwapi?" Basi mtu akiniuliza hadithi ianzie wapi, humwambia ianze pale jogoo alipo. Jumapili nyingine nilileta watu wengi, shemeji wa mjane, na mtoto wa shemeji, na jirani yao muuza samli. Dada akasema, "Mdogo wangu, mimi nina homa. Wapunguze hawa." Nikawafukuza wote isipokuwa muuza samli, ambaye mama wa kitanda cha pili alimpenda akamuombea abaki. Na nilipomfanya bibi mmoja wa Kisauni atoe mawaidha marefu kuhusu subira, dada akaniuliza mbona bibi huyo anasema kama mwalimu wangu wa chuo cha Kurani. Nikaona haya. Juma zima nilikaa karibu na wanawake kisimani nikisikiliza jinsi wanavyokatana kauli, na Jumapili yake yule bibi wa Kisauni alimtukana muuza samli vizuri sana.

Swali lililonishinda lilikuwa moja. "Kwa nini alitoroka?" dada aliniuliza. "Jogoo hatoroki bure. Ana mtama, ana kuku wake, ana paa la kuwikia. Ukinambia kwa nini alikwenda, nitajua kama atarudi." Sikujua. Nilikuwa nimemvusha kwa sababu jogoo ndani ya feri ni kichekesho, basi. Kila Jumapili aliniuliza, na kila Jumapili nilimtembeza mjane nyumba nyingine huku nikijua kwamba silo jibu analolitaka. Yeye alikuwa akitaka kitu kimoja tu, kujua kama jogoo atarudi Likoni. Mimi nami nilikuwa nikitaka kitu kimoja, na sina haja ya kukieleza.

Mvua zilipokuja dada alikuwa amedhoofika. Sindano walimchoma, dawa alikunywa, na mama alitoka kwenye ule mlango kila mara uso wake umesinyaa zaidi. Mimi nilisikia kwa masikio. Ehe yake ilikuwa na kikohozi nyuma yake, kila mara. Nikitua, yeye anavuta pumzi, anaitikia, kisha kifua kinamshika, nami nasimama pale juu ya jiwe nangoja kiishe. Nilimwambia asiitikie, asikilize tu. Akasema, "Na wewe utajuaje kama nipo?"

Hakukubali kuacha. Basi mimi nikaacha kutua. Nilijifunza kusimulia bila kumpa mahali pa kuitikia, mjane akatoka akapita msikitini akamkuta muuza samli akamuuliza akaambiwa jogoo ameonekana kwa fundi cherehani akaenda akabisha akakaribishwa akakataa maji akasema nimekuja kwa jogoo wangu mwenye mkia wa kijani, nami uso umenivimba na kifua kinaniwaka, ndipo ninatua, naye anaitikia mara moja tu, na kukohoa mara moja tu. Nilihesabu kuwa ni faida. Nyumbani nilijizoeza njiani kutoka kisimani nikiwa na ndoo ya maji kichwani, ili niweze kwenda mbali zaidi bila kupumua. Mama alinisikia akadhani nasoma Kurani.

Jibu la jogoo lilinijia njiani vilevile, na ndoo kichwani. Kila alfajiri jogoo alipowika Likoni, alisikia jogoo mwingine akimjibu kutoka ng'ambo. Alitaka kumuona anayemuitikia, ndiyo maana akavuka. Akatafuta Kisauni, akatafuta Changamwe, asimuone. Alfajiri moja akapanda juu ya paa la watu akawika, na jibu likaja kutoka Likoni. Akajua sasa aende wapi. Nilifurahi hata nikamwaga maji, na mama akanifokea.

Jumapili ile feri ilituchelewesha, tukafika muda wa kuangalia wagonjwa umeshaanza. Mama akashika njia ya mlangoni, mimi nikakimbilia dirishani, nikapanda jiwe langu. Sikungoja hata salamu. "Paukwa," nikasema.

Nikasikia kitanda kikilia. Kisha nikajibiwa, "Pakawa."

Nikaanza. Nikavuta pumzi yangu ndefu kama nilivyozoea, nikatua, na ehe ikaja bila kikohozi. Nikajaribu sentensi fupi kidogo. Ehe, safi, ya kifua kipana. Nikajaribu fupi zaidi. Ehe. Wallahi sijapata kufurahi tena namna ile maishani mwangu. Niliona dada amepona. Nilizikata sentensi vipande vipande kwa makusudi ili niisikie tena na tena sauti ile yenye nguvu. Jogoo akapanda paa. Ehe. Akawika. Ehe. Akaitikiwa. Ehe. Kutoka wapi? Kutoka Likoni. Hapo ehe ilichelewa, ikaja imelowa, nikadhani analia kwa furaha ya jogoo. Nikampandisha jogoo feri, nikamshusha Likoni, nikamweka juu ya paa la makuti la nyumba yake, na mjane akafika kutoka Changamwe na magoti yake akamkuta. Nikasema hadithi imekwisha.

Mama akaja kunichukua kwa upande wa nyuma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akanishika mkono akaukaza. Kikapu kilikuwa mkononi mwake, vitumbua havijaguswa. Njiani na ndani ya basi niliongea peke yangu mpaka kivukoni jinsi dada alivyopata nafuu. Tulipoingia ndani ya feri akaniketisha, akafunika kichwa changu kwa upande wa buibui lake, akaniambia kwamba dada yangu alifariki alfajiri ya siku ile, na kwamba baba na wajomba lazima waende kumchukua kabla ya usiku.

Nilimwambia si kweli, ameniitikia.

"Aliyekuitikia ni mwenzake wa kitanda cha pili," mama akasema. "Nilipoingia nilikuta kitanda cha dadako kimetandikwa shuka mpya, na yule mama amekikalia, uso kwenye dirisha. Ulikuwa umeshaanza, mwanangu. Aliniangalia kama anayeniuliza afanye nini. Nikamwambia kwa mkono, aendelee."

"Na wewe?"

"Mimi nilisimama palepale nikasikiliza, mpaka jogoo akafika nyumbani."

Yule mama wa Rabai alitoka hospitali mwaka bendera ilipobadilishwa, akaja Likoni kutupa mkono wa pole na mafungu mawili ya mihogo. Alikaa na mama barazani wakalia pamoja. Aliponiaga alinishika kidevu akasema hadithi ilikuwa nzuri.

Msichana yule akirudi nitamwambia mwalimu wake amesema kweli. Akate sentensi zake, atue, msomaji apumue. Nimewaambia wengi hivyo, na wamefaidika. Mimi mwenyewe siwezi. Kila nikitaka kutia nukta, namsikia dada ndani ya dirisha akivuta pumzi ili aniitikie, nami naongeza neno, na jingine, asije akakohoa.