Uzi wa Kofia, kutoka Dubai hadi Changamwe

Enzi zetu, sisi tuliolelewa Changamwe karibu na uwanja wa ndege, mchezo wa kati, ule wa kumlenga kwa mpira aliye katikati, ulikuwa na sheria moja ya ziada: ndege ikipita, mpira unasimama. Tuliinua nyuso, midomo imekolea rangi ya mabuyu, kila mmoja akaipigia kelele kwa haja yake. Yangu ilikuwa moja tu: "Mlete mama!" Mama alikuwa akifanya kazi Dubai, mwaka wa tatu huo.

Alipopiga simu kusema anarudi, nilimuahidi kwamba uso wa kwanza kuuona utakuwa wangu. Bibi naye akaniita.

"Abee, bibi."

"Wewe msomi, hiyo ndege yatwaa saa ngapi? Nataka pilau yangu nifunue yeye akiingia, si kabla."

Nikachukua atlasi iliyokwisha jalada. Uzi wa kawaida huvutika, kwa hivyo niliomba ule ambao bibi alishonea kofia, nikaulaza kutoka Dubai hadi Mombasa. Nilipima mara saba. Majibu yalipokataa kulingana, nililia. (Bado niko hivyo. Aya hii nimeiandika upya mara tisa.) Mwishowe nikapata kilomita elfu tatu na mia tano hivi, mwendo wa saa tano. Ndege yaondoka saa mbili asubuhi, basi yatua saa saba mchana. Nikaandika kwa chaki kwenye mlango wa jikoni, kwa mwandiko wangu mzuri.

Siku yenyewe, saa saba kasorobo, udi wafuka, bibi ananisuka nywele upesi upesi tutoke kwenda kumpokea mama, tukasikia hodi. Mama, na sanduku lake.

"Nimesimama pale nje ya uwanja wa ndege mpaka bawabu akaniuliza kama nina kwetu," alisema.

"Muulize msomi wako," bibi akajibu. "Kwa hesabu yake, wewe bado uko juu ya bahari."

Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa saa za ukutani: za Dubai hutangulia zetu kwa saa nzima, kwa hivyo ndege ilitua saa sita yetu. Nikajificha nyuma ya mlango, upande mmoja umesukwa, mwingine umesimama wima. Mama akanivuta, akacheka hadi akakaa juu ya sanduku.

"Uso wa kwanza nimeuona wa afisa wa pasipoti," alisema, "nao umenuna. Huo siuhesabu."

Pilau tukaila mbichimbichi, maji hayajakauka, na bibi akaapa haijapata kutokea nyumbani mwake.

Siku hizi wadogo zangu huitazama ndege ikitambaa ndani ya simu. Wanajua imechelewa kabla ya abiria kujua, ila ikiwapitia juu ya kichwa hawainui shingo. Nami nimekuwa kama wao. Juzi mama alirudi kutoka umra, nikampokea simu mkononi, sikukosea hata dakika. Tulichokula siku hiyo, wallahi, sikikumbuki.