Talaka ya Mashua Pacha

Mpaka leo nikisikia wanaume wanabishana chombo kipi kina mbio, kichwa kinaniuma. Mimi niliachwa kwa ajili ya ubishi huo, na sisemi kwa mafumbo.

Mume wangu alikuwa seremala. Katika miaka ya hamsini Mzungu mmoja, fundi mitambo wa shamba la mkonge upande wa Pongwe, alimwita wakaunda mashua ya ajabu: matumbo mawili membamba yaliyoungwa kwa sakafu ya mbao, na tanga moja refu katikati. Watu wakaiita mashua pacha. Tangu hapo nyumbani kwetu chai ilikuwa mashua, ugali mashua. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na ngalawa yake, naye hakukubali kushindwa na mbao za Mzungu. Kila akija kutusalimu walibishana mpaka wali ukapoa, nami niliyekuna nazi nimekaa nawatazama. Nilichoka. Watoto wetu walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa, nikadhani sasa ningepumzika.

Yakatangazwa mashindano ya masafa marefu: kutoka Tanga hadi Moa, na kurudi. Siku moja barazani, mbele ya majirani, mdogo wangu alimchokoza shemeji yake kupita kiasi, naye akaropoka: "Wallahi, ngalawa yako ikitutangulia kurudi, dada yako talaka!"

Nilikuwa ndani napepeta mchele, nikasikia kila neno.

Mdogo wangu akanifuata jikoni, macho chini. "Dada, nikae nyuma tu? Nitasema tanga limepasuka."

"Nenda kwa mwendo wako," nikamwambia. "Aliyeniweka rehani hakuniuliza. Na wewe usinifanye kisingizio." Nilikuwa na hasira, na nilimaanisha.

Kwenda, upepo wa kusi ulikuwa mgongoni, na haki ya mtu mpe: mashua pacha iliruka. Haikulala upande, haikuchota maji, na ngalawa ikaachwa mbali. Lakini kurudi ni kubisha, kupanda upepo kwa kwenda huku na huku, na hapo matumbo mawili yakawa taabu. Kila mume wangu na Mzungu wake walipogeuza omo, pua ya chombo, kwenye upepo, mashua ilisimama, tanga likapigapiga, ikarudi kinyumenyume. Ngalawa haina kiburi hicho. Huupa upepo mgongo, ikazunguka, ikapoteza kidogo na kuendelea. Nilikuwa ufukweni Raskazone na wanawake wenzangu. Nilipoliona tanga dogo la mdogo wangu likija peke yake nilipiga kigelegele, kisha nikakumbuka kuwa nimeachwa.

Shehe alisema kiapo kimesimama: ni talaka moja, na mume aweza kunirejea kwa kutamka tu, ilimradi eda haijaisha. Hedhi yangu ilikuwa imekatika, kwa hiyo eda ilihesabiwa kwa miezi, mitatu ya mwandamo. Nikahamia kwa mdogo wangu, Makorora, nikangoja. Mume wangu hakuja. Labda aliona haya, labda aliona neno moja halina haraka.

Siku ya mwisho, baada ya alasiri, alibisha hodi. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi. Jua likizama eda imekwisha, na sote tulijua. Moyo wangu ulilainika, sitaficha. Nilikuwa nimeishi naye miaka mingi na sikumchukia.

Akaketi barazani. "Shemeji, nimekuja kwa lile jambo letu."

"Karibu, shemeji. Sema."

"Lakini kwanza tuwe wakweli. Kwenda Moa, nani alitangulia?"

Basi. Mdogo wangu akadakia kwamba mbio za kwenda si mbio, kila gogo huelea na upepo. Mume wangu akasema mkondo wa maji ulikuwa mbaya siku ile. Wakaanza kuchora mikondo sakafuni kwa vidole. Nikapeleka kahawa, nikasimama mlangoni. Hakuinua macho, alikuwa anageuza kikombe kuonyesha jinsi mashua ilivyokwama. Jua lilikuwa limefika kwenye mapaa ya makuti. Ningeweza kukohoa. Ilikuwa kazi ya kukohoa tu.

Nikarudi jikoni nikawachemshia birika la pili. Magharibi ikaadhiniwa, naye alikuwa bado hajanitaja.